Umio Uliokataa Kulegea

Muhula wa pili wa mwaka wa 2014, katika shule moja ya upili Magharibi mwa Kenya, mwalimu wa Kiswahili aliingia darasa la kidato cha tatu na kuandika kitenzi kimoja tu ubaoni: meza. Somo lilikuwa la visawe na tofauti ndogo ndogo zinazojificha ndani yake. Wanafunzi wakashindana. Mmoja akataja kubugia, wa pili kufakamia, wa tatu kuakia, na msichana wa dawati la mbele, aliyelelewa Mombasa na kwa hivyo kuhesabiwa kadhi wa lugha darasani, akaongeza kugugumia. Mwalimu akavipambanua vitenzi hivyo kimoja kimoja: kuakia ni kumeza pasi na kutafuna; kubugia ni kukijaza kinywa pomoni; kugugumia ni kunywa kwa mafunda makubwa yenye kusikika; ilhali kufakamia ni kula kwa pupa ya mtu anayechelea kunyang'anywa. Ndipo mvulana wa nyuma alipouliza, "Mwalimu, na tonge likikataa kushuka je?"

Likikwama, akamjibu, husemwa kuwa limesakama kooni. Na maji yakifuata njia isiyo yake, mtu huwa amepaliwa. Mvulana akaigiza aliyepaliwa, darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu hakucheka. Tangu mwezi wa Januari mwaka huo hakuwa amemaliza sahani moja ya ugali bila kuinuka kitini.

Yalianza kama mambo madogo. Tonge la kwanza lilikuwa likisimama mahali fulani nyuma ya mfupa wa kifua, kama mgeni aliyefika mlangoni na kukuta hapana mwenyeji. Angesubiri, angeteremshia maji, na baada ya kitambo tonge lingepita. Baadaye yakawa hayateremki hata maji. Hili ndilo lililomtatiza zaidi, kwani alikuwa ameshuhudia shangazi yake akifa kwa saratani ya umio, na katika maradhi yale nyama ndiyo iliyoanza kukataa, kisha ugali, kisha uji, na maji yakawa ya mwisho kabisa. Kwake yeye, kigumu na kiowevu vilikataa kwa pamoja. Kuna siku ugali ulipita na chai ikakwama. Hakujua wakati huo kuwa tofauti hiyo ilikuwa ni ushahidi muhimu ambao tabibu makini angeupokea kwa mikono miwili.

Binadamu ni kiumbe mwenye kuzoea. Mwalimu akajifunza kula akiwa amesimama, akajifunza kurudisha mabega nyuma na kuvuta pumzi ili tonge lisukumwe, akajifunza kwamba maji ya uvuguvugu humfaa kuliko ya baridi. Alijifunza pia hila za kijamii. Katika chumba cha walimu, saa nne, yeye ndiye aliyejitolea kusahihisha madaftari wenzake wakinywa chai. Harusini alikaa karibu na mlango. Matangani alipendelea kazi ya kugawa chakula, kwa kuwa mgawaji haulizwi amekula nini. Usiku alilala amejiegemeza kwa mito mitatu, maana akilala chali kikohozi kilimwamsha na kuukuta mto umelowa maji yenye vipande vya chakula cha jioni.

Hila hizo hazikufua dafu kwa mama mkwe. Katika jamii nyingi za Magharibi mwa Kenya, ugali wa mgeni haukataliwi, seuze wa mama wa mume. Mwezi wa Agosti mwaka wa 2015 familia ilikutana nyumbani kwa mzee, kuku akachinjwa, na mwalimu akapakuliwa. Alimeza tonge mbili. La tatu lilipokwama akatoka mbio hadi nyuma ya jiko. Aliporudi, mama mkwe alikuwa ameketi akimtazama.

"Mwanangu, chakula changu kina nini?"

"Hakina neno, mama. Ni mimi nisiyejisikia vizuri."

"Krismasi pia hukujisikia vizuri. Na siku ya mazishi ya baba mdogo pia."

Hapakuwa na jibu. Tangu siku ile mama mkwe hakumpakulia tena. Angeweka sufuria mezani na kusema kila mtu ajipakulie, jambo ambalo kwa mtu wa nje lingeonekana la ukarimu, ila kila mwanamke aliyeolewa anajua lilikuwa na maana gani.

Nako shuleni minong'ono ilikuwa imeanza. Kutoka kilo 68 alikuwa ameshuka hadi 51, na katika nchi iliyozika watu wengi kwa ukimwi, kukonda hakuhitaji ufafanuzi. Wengine walisema amerogwa kwa sababu ya cheo cha mkuu wa idara. Wapo waliomwombea kwa dhati, na mmoja wao alimletea mafuta ya upako katika chupa ya soda. Mume wake, ambaye hakuwa mtu wa maneno mengi, alijifunza kupika uji wa wimbi mwepesi na kuuchuja kwa kitambaa. Hakuuliza maswali. Mwalimu alikuja kukiri miaka mingi baadaye kuwa kitambaa kile kilimtia uchungu kuliko minong'ono yote, kwa sababu kilikuwa kitambaa cha kuchujia maziwa ya mtoto.

Isidhaniwe kwamba hakutafuta matibabu. Alikwenda zahanati, alikwenda kituo cha afya, alikwenda hospitali mbili za kibinafsi. Kila alikokwenda aliulizwa swali lile lile: "Unatapika?" Naye alijibu, "Ndiyo, natapika." Neno hilo likaandikwa katika kadi kwa Kiingereza, na kila tabibu aliyefuata alilisoma kabla hajamtazama mgonjwa. Mtu anayetapika huwa na maradhi ya tumbo. Basi akatibiwa vidonda vya tumbo, akatibiwa homa ya matumbo mara tatu, akapewa dawa za minyoo, akapimwa ujauzito, akapewa omeprazoli kwa miezi minane mfululizo kwa madai kuwa ni kiungulia. Kuna tabibu aliyemwambia kuwa ana mawazo mengi na kumshauri apumzike. Haiyumkiniki kuwalaumu wote hao. Maradhi aliyokuwa nayo huwapata watu wapya wapatao mmoja katika kila 100,000 kwa mwaka, na tabibu wa zahanati anaweza kustaafu bila kukutana nayo hata mara moja. Hata katika nchi zenye vifaa tele, wagonjwa wengi hutibiwa kiungulia kwa miaka kabla ya kutambuliwa. Lakini pana jambo linalowahusu wanaojishughulisha na lugha, nalo ni kwamba neno lililoandikwa katika kadi ile halikuwa sahihi.

Aliyeligundua kosa hilo ni muuguzi wa makamo katika hospitali ya rufaa, mapema mwaka wa 2016. Mwalimu alikuwa amepelekwa huko kumulikwa kwa kamera, na kila mtu, pamoja na yeye mwenyewe, alitarajia jibu moja tu. Saratani ya umio si maradhi ya kusimuliwa mbali katika sehemu hizi. Kuna ukanda unaoanzia Ethiopia, ukapita Afrika Mashariki hadi Afrika Kusini, ambamo saratani hiyo hutokea kwa wingi usio wa kawaida, na magharibi mwa Kenya imo ndani ya ukanda huo. Hospitali ya Tenwek huko Bomet imejulikana kwa miaka mingi kwa kuwatia wagonjwa wa saratani hiyo mirija ya kuufungua umio ili wapate angalau kumeza siku zao zilizobaki, na madaktari wa huko wameripoti wagonjwa ambao hawajatimiza hata miaka 30. Mwalimu aliingia chumba cha kamera akiwa amekwisha kumwandikia mumewe orodha ya madeni.

Kamera haikuona saratani. Iliona chakula cha jana kikielea katika umio, na ilipofika chini ilipata upinzani kidogo, kisha ikapenya. Vinofu vilikatwa kwenda maabara, kwani saratani ndogo iliyojificha mahali pale huweza kuigiza maradhi haya barabara. Maabara ikasema hakuna kitu. Daktari aliyekuwa zamu akaandika kuwa hali ni ya kawaida na kumruhusu aende nyumbani. Ama kweli ipo furaha inayofanana na msiba: kuambiwa huumwi ilhali huwezi kumeza mate yako.

Muuguzi alikuwa akimtoa sindano ya mkononi alipouliza, karibu kwa mzaha, "Mwalimu, hicho kinachorudi, huwa kichungu?"

"Hapana."

"Kina ukakasi? Kinachoma?"

"Hapana. Ni kile kile nilichokula. Wali ni wali, chai ni chai. Hata sukari yake naisikia."

"Na kichefuchefu?"

"Sina."

"Basi wewe hutapiki, mwalimu," akasema muuguzi. "Unacheua."

Mwalimu wa Kiswahili wa miaka 17 alinyamaza. Alilijua neno hilo. Alikuwa amelifundisha, tena kwa mfano wa ng'ombe aliyelala chini ya mti. Lakini hakuwahi kulitumia kwa ajili yake, labda kwa sababu kucheua ni kwa wanyama na mtu mzima hajifananishi na ng'ombe mbele ya daktari. Na hata kucheua, kwa mujibu wa kamusi, si neno timilifu hapa, maana ng'ombe hukirudisha kilichokwisha kufika tumboni, ilhali cha mwalimu hakikuwa kimefika. Hata hivyo, neno hilo lilikuwa karibu na ukweli kuliko kutapika. Kinachotapikwa kimeonja asidi ya tumbo. Kinachorudi kikiwa kitamu hakijavuka mlango. Muuguzi akamrudisha kwa daktari mwingine, mwanamke kijana, na kumweleza jambo hilo kwa sentensi moja. Daktari akaagiza eksirei ya kumeza bariamu.

Picha yake ilikuwa wazi hata kwa asiyejua utabibu. Dawa nyeupe ilijaa katika umio uliopanuka kama mfuko, kisha chini, pale umio unapoungana na tumbo, ikachongoka ghafla na kuwa kijistari chembamba. Madaktari huifananisha picha hiyo na mdomo wa ndege. Mwalimu aliiangalia akaona ndege kweli, kichwa kimeinama, mdomo umefumbwa.

Jina la maradhi ni akalasia. Limetoka katika Kigiriki, na maana yake ni kutolegea. Ili kuelewa kisicholegea ni sharti kwanza kujua kinachopaswa kulegea. Watu wengi huita koo kila kitu kilicho baina ya ulimi na tumbo. Lakini koo huishia shingoni, na kutoka hapo chakula hupita katika umio, bomba la misuli lenye urefu wa sentimita 25 hivi. Umio si mfereji wa kuteremshia tu kama wa maji ya mvua. Misuli yake hujikaza kwa mawimbi, kutoka juu kwenda chini, ikilisukuma tonge, na ndiyo sababu mtu anaweza kumeza hata akiwa ameinama. Mwishoni mwa umio kuna kilango cha msuli wa mviringo, ambacho hukaa kimefungwa ili asidi isipande, na kulegea pindi tonge linapokaribia. Kazi ya kukilegeza ni ya neva zilizomo katika kuta za umio wenyewe. Mwenye akalasia hupoteza neva hizo. Wataalamu wengi hushuku kwamba kinga ya mwili ndiyo inayozishambulia, pengine baada ya kuchokozwa na virusi fulani, lakini chanzo hakijathibitishwa. Neva zikifa, mawimbi hukoma na kilango hubaki kimefungwa. Huko Amerika ya Kusini ipo hali inayofanana sana na hii inayoletwa na kimelea cha maradhi ya Chagas. Hapa kwetu kimelea hicho hakipo.

Jambo moja alilolisema daktari kijana lilimkaa mwalimu moyoni: neva zilizokufa hazirudi. Hakuna dawa ya kuzifufua, na mawimbi ya umio, kwa wagonjwa wengi, hayarudi yakawa kama zamani. Kinachotibiwa ni kilango tu. Matibabu yote, kwa majina yake yote, ni njia mbalimbali za kuulazimisha mlango usiofunguka ubaki wazi, kisha chakula kishuke kwa uzito wake.

Njia ya kwanza kuandikwa ni ya kale. Mwaka wa 1674 tabibu Mwingereza Thomas Willis alieleza habari za mgonjwa ambaye chakula chote kilimrudia. Willis alimtengenezea kijiti cha mfupa wa nyangumi chenye sifongo kwenye ncha, na mgonjwa akawa anakitumia kukishindilia chakula tumboni kila alapo. Aliishi hivyo miaka mingi. Mwalimu aliposoma kisa hicho, katika maktaba ya chuo ambako binamu yake alikuwa akisomea uuguzi, alicheka hadi machozi. Alisema hakuwahi kujihisi karibu na Mwingereza yeyote kama alivyojihisi karibu na huyo.

Zilizofuata ni nyingi, na daktari alizipitia moja baada ya nyingine. Zipo dawa za kulegeza misuli ambazo hutumika pia kwa shinikizo la damu na maumivu ya moyo, zikiwekwa chini ya ulimi kabla ya chakula. Nguvu yake ni haba na kichwa huuma. Ipo sindano ya sumu ya botulini, inayopigwa katika kilango kupitia kamera, ambayo ilianza kutumiwa kwa maradhi haya katika miaka ya 1990. Hiyo huwafaa wengi mwanzoni, lakini nusu au zaidi hurudiwa na shida katika muda wa mwaka mmoja hivi, kwa hivyo huhifadhiwa wazee na wadhaifu wasioweza kustahimili mengine. Halafu yapo matibabu mawili ambayo kwa miongo mingi ndiyo yaliyoshindana: puto na kisu.

Puto huingizwa likiwa limekunjwa, hupitishwa katika kilango, kisha hujazwa hewa hadi kipenyo cha milimita 30, na siku nyingine 35, na ikihitajika 40, ili nyuzi za msuli zikatike kwa nguvu. Upasuaji ulianzishwa na Mjerumani Ernst Heller mjini Leipzig mwaka wa 1913: msuli wa kilango hukatwa kwa urefu, kwa uangalifu wa mtu amenyaye yai, ili utando wa ndani usitoboke. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 upasuaji huo hufanywa kupitia matundu madogo tumboni, na sehemu ya juu ya tumbo hukunjwa kufunika pale palipokatwa ili asidi isipande ovyo.

Ipi bora? Utafiti mkubwa wa nchi tano za Ulaya uliochapishwa mwaka wa 2011, wenye wagonjwa 201, ulikuta kuwa baada ya miaka miwili waliofanikiwa kwa puto walikuwa asilimia 86 na kwa upasuaji asilimia 90. Baada ya miaka mitano tofauti ikawa ndogo zaidi: 82 kwa 84. Hata hivyo, puto liliwatoboa umio asilimia 4 ya waliolitumia, na baadhi walihitaji kupanuliwa tena na tena. Aina ya akalasia nayo ina neno lake. Kwa kupima mkandamizo ndani ya umio, wataalamu huigawa katika aina tatu. Ya pili ndiyo sikivu kuliko zote, na ya tatu, ambayo umio hushikwa na mikazo ya vurugu, hukaidi puto zaidi. Kipimo hicho hakikuwapo alikotibiwa mwalimu. Yeye na daktari walikata shauri kwa picha ya bariamu, na kwa fedha.

Palikuwa pia na karatasi ya maswali manne ambayo mwalimu aliipenda mno. Ni mizani iitwayo ya Eckardt: kukwama kwa chakula, kurudi kwa chakula, maumivu ya kifua, na kupungua uzito, kila kimoja kikipewa alama kutoka 0 hadi 3. Mtahini wa insha aliyezoea kugawa alama 20 akajikuta anajisahihisha mwenyewe, tena katika mtihani ambao mwenye alama nyingi ndiye aliyeanguka. Kukwama, 3. Kurudi, 3. Maumivu, 1. Uzito, 3. Jumla 10 katika 12. Aliyetibiwa akabaki na 3 au pungufu huhesabiwa amefaulu.

Akachagua puto. Lilikuwa la gharama ndogo, lilihitaji siku chache tu za likizo, na neno upasuaji lilikuwa limemwogofya mumewe. Mwezi wa Juni mwaka wa 2016 lilipulizwa la milimita 30. Maumivu yalikuwa makali kwa muda, halafu akafanyiwa eksirei kuhakikisha hapajatoboka. Jioni yake akanywa maji. Yalipita. Alimweleza mumewe kuwa aliyahisi yakishuka yote, kama mtu anayesikiliza hatua za mtoto akiteremka ngazi.

Afueni ile ilidumu miezi 14. Mwezi wa Agosti 2017 tonge lilisimama tena, mahali pale pale. Yapo mambo ambayo mtu huyasamehe yakitokea mara ya kwanza, lakini yakirudi huyachukulia kuwa ni dharau. Mwalimu alikataa kula siku mbili, si kwa kushindwa, bali kwa hasira. Angeweza kurudia puto, la milimita 35. Daktari alilipendekeza. Yeye akasema hataki tena kuishi kwa kuazima, akaomba kisu.

Bima ililipa sehemu ya gharama. Sehemu iliyobaki ilitoka kwa mchango, na hapa ndipo aibu ilipomlazimu kusema. Huwezi kuwachangisha watu kwa ugonjwa usiotajika. Katika mkutano wa walimu alisimama akaeleza kwamba hana ukimwi, hana saratani na hajarogwa. Kwamba umio wake umekataa kulegea. Aliulizwa ugonjwa huo unaitwaje kwa Kiswahili. Akatafuta neno lililozoeleka, hakulipata. Akasema, "Uiteni ukaidi wa umio." Jina likashika. Hadi leo karani wa shule hiyo humwuliza kama mkaidi ametulia. Wanaisimu huenda wakalipinga, wakahoji kuwa ukaidi ni sifa ya chenye nia na msuli hauna nia, au kwamba akalasia iliyotoholewa inatosha na inalingana na istilahi za kimataifa. Hoja hizo zina uzito. Lakini akalasia haikumchangia mtu hata shilingi moja siku ile. Ukaidi wa umio ulijaza bahasha mbili.

Upasuaji ulifanywa mwezi wa Februari mwaka wa 2018. Ulichukua saa tatu, ukaacha makovu matano madogo, na siku ya nne alikuwa nyumbani akinywa supu. Kwa majuma kadhaa alikula vilivyopondwa. Uzito ulianza kurudi polepole, ukafika kilo 63 mwisho wa mwaka. Daktari alipompa tena ile karatasi ya maswali manne, alijipa 1 kwa kukwama na 1 kwa maumivu. Jumla 2.

Yafaa kusemwa wazi ni nini kilichopona na nini hakikupona. Ugali anaula, ila taratibu, na maji kando. Nyama ngumu na mkate mkavu haviamini. Halali ndani ya saa tatu baada ya chakula, na kichwa cha kitanda chake kimeinuliwa kwa matofali mawili. Maumivu ya kifua humjia usiku mara chache kwa mwezi, na daktari alimwambia mapema kuwa dalili hiyo huwa ya mwisho kuondoka, kama itaondoka. Kilango kilichofunguliwa kwa nguvu hakifungiki vizuri tena, kwa hivyo ile omeprazoli aliyopewa zamani kwa makosa sasa anaimeza kwa haki. Kila baada ya muda humulikwa kwa kamera, kwani umio uliokaa miaka mingi na chakula kilichochacha uko katika hatari ya saratani kuliko umio wa kawaida, ingawa wengi wenye maradhi haya hawaipati kamwe. Wapo wachache ambao umio wao hupanuka na kupindapinda hadi hapana budi kuondolewa wote. Mwalimu analijua hilo. Halizungumzii sana.

Aliendelea kusoma. Alisoma juu ya njia mpya aliyoianzisha daktari Haruhiro Inoue huko Japani mwaka wa 2008, ambapo kamera hupitishwa kinywani, huchimba njia baina ya tabaka za umio, na kuukata msuli kutoka ndani bila kupasua tumbo. Mwaka wa 2019 tafiti mbili ziliipima. Ya kwanza iliilinganisha na puto: baada ya miaka miwili waliofanikiwa kwa njia mpya walikuwa asilimia 92, na kwa puto 54. Ya pili iliilinganisha na upasuaji kama wake, zikawa karibu sawa, asilimia 83 kwa 82 hivi, lakini michubuko ya asidi ilikuwa mingi zaidi kwa waliotumia njia mpya. Alizisoma takwimu hizo kama mtu anayesoma matokeo ya mechi aliyokwisha kuicheza. Aliulizwa kama anajutia uchaguzi wake, akajibu kuwa anaijutia kadi ya zahanati tu.

Kadi hiyo bado anayo. Darasani, afundishapo visawe, huiandika mifano miwili ubaoni, tapika na cheua, na kuwataka wanafunzi waeleze tofauti bila kutumia neno ng'ombe. Wengi hushindwa. Hawaelezi ni kwa nini somo hilo huchukua vipindi viwili kamili, nao hudhani ni swali la mtihani.

Krismasi ya mwaka wa 2018 walikwenda nyumbani kwa mzee. Mwalimu alikuwa ameomba kuketi mezani kama wengine. Sufuria ililetwa, na watu wakaanza kujipakulia kama ilivyokuwa desturi tangu ule mwezi wa Agosti. Mama mkwe akachukua sahani kutoka mkononi mwake bila kusema neno, akaikatia ugali, akaweka mchuzi na kipande cha paja la kuku, akarudisha. Kisha akaketi mkabala naye, akala chake polepole kuliko ilivyo kawaida yake. Tonge la nne liliposimama, mwalimu aliweka mkono kifuani na kungoja. Bilauri ya maji ilikuwa imekwisha kusogezwa.